Yule farasi wa boksi ya mwisho

Kila asubuhi kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuwasoma farasi ngozi. Hivyo ndo baba mdogo alivyonifundisha mwaka 2006, nikiwa na miaka 16, yaani kabla hujashika reki unapita boksi moja moja, vile vyumba vya farasi, unaangalia nani ana maranda ya mbao ya kulalia yamemshika kwenye paja ao ubavuni, manake farasi anaweza kusinzia amesimama, miguu imejifunga yenyewe, lakini ule usingizi mzito wa ndoto haupati mpaka alale chini kabisa. Mwenye maranda amelala. Mwenye ngozi safi siku moja, sawa, ila mwenye ngozi safi kila siku ya Mungu, huyo kuna jambo linamkalia rohoni.

Farasi wa boksi ya mwisho alikuwa safi kila siku.

"Bale bengine banalala," baba mdogo akaniambia. "Huyu ye iko ku kazi."

Sikuelewa anamaanisha kazi gani, manake huyo ndo alikuwa anafanya kazi kidogo kuliko wote, hapandwi na watoto, hafungwi tandiko mara nyingi, anakula pumba na nyasi kavu kama wengine. Nilijua tu kwamba ni dume kamili, etaloni kwa Kifaransa cha pale, na alikuwa peke yake. Wengine wote walikuwa majike na maksai, yaani madume waliohasiwa.

Niseme kidogo kwa wasioijua Lubumbashi. Farasi kwetu ni wachache sana, mtoto wa Katuba ao Kenya (mitaa ya hapa mjini, siyo ile nchi) anaweza kukua mpaka aoe bila kugusa hata mmoja, anawajua kwa Biblia na sinema, na sababu siyo pesa peke yake. Upande mkubwa wa Kongo una mbung'o, wale nzi wanaobeba ugonjwa unaoua mifugo, na mbung'o na farasi hawawezi kuishi pamoja. Sisi tuko juu, kama mita 1,200 hivi, baridi ya mwezi wa sita unaijua mwenyewe ukilala bila blanketi, kwa hiyo hapa farasi anaweza kuishi, lakini masika inaleta visubi, vile vidudu vidogo kuliko mbu, na visubi vinabeba ugonjwa wa farasi wa Afrika ambao hauna dawa, kuna chanjo tu, na farasi akiushika vibaya mapafu yanajaa maji na asubuhi humkuti. Visubi vinauma zaidi kuanzia jua linapozama mpaka linapochomoza. Kwa hiyo sheria ya kwanza ya zizi letu ilikuwa, masika yote, jua halizami farasi akiwa nje. Shikeni hiyo, nitairudia.

Sasa hivi mimi ndo mtu mzima wa kazi hii, na swali ninaloulizwa zaidi na wageni, wakinikuta nampiga mmoja brashi, ni kama huyu ni dume, na nikisema hapana, ni maksai, naona uso unashuka kidogo, kama vile nimewapa soda iliyolala. Watu wanaamini farasi wa kweli ni dume na huyu mwingine amepunguzwa. Linaniumiza hilo wazo kwa pande zote mbili, manake linamdharau maksai bure na halafu linamuumiza dume mwenyewe, huyo ambaye tunajifanya tunamsifu.

Tuanze na mwili. Dume ukimuangalia kwa ubavu, shingo yake imepanda juu kama upinde na imejaa nyama pale singa zinapoota, taya ni pana, na ni homoni ya testosteroni ndo inajenga hivyo mwaka kwa mwaka. Jike ana kichwa chembamba zaidi na shingo nyepesi. Maksai anakaa katikati, inategemea alihasiwa lini, na hapa kuna jambo linawashangaza wengi: dume akihasiwa akiwa mdogo mara nyingi anakuwa mrefu kidogo kuliko angekuwa, kwa sababu zile homoni ndo zinaiambia mifupa ifunge kukua, zikikosekana mifupa inachelewa kufunga. Kwa hiyo ukiona farasi mrefu amesimama kwa madaha usikimbilie kusema dume.

Siku moja baba mdogo akanifungulia mdomo wa mmoja, akaniambia niangalie nyuma ya meno ya mbele, pale penye uwazi ambapo lijamu inakaa. Kulikuwa na jino limechongoka, limesimama peke yake kama msumari, na mengine matatu kama hilo, juu na chini. Chonge. Farasi wa kiume anazipata akiwa na miaka 4 ao 5, ndo maana ana meno 40 wakati jike kwa kawaida ana 36, majike wengi hawana chonge kabisa ao wanazo vidogo vimejificha kwenye ufizi. Basi mimi kwa haraka zangu nikasema huyu ni dume. Baba mdogo akanishika bega akanionesha chini ya tumbo. Maksai! Kumbe chonge zinakuambia tu alizaliwa wa kiume, kisu hakiziondoi.

Lakini mwili ni kitu kidogo. Tofauti yenyewe iko kwenye ile kazi.

Nilianza kuielewa nikiwa nasafisha ule uwanja wake mdogo wa kutembelea. Farasi wengine wanaacha mavi popote wanapojisikia, unazunguka na toroli uwanja mzima. Yeye alikuwa na mahali pamoja, kona ya ukuta, lundo moja. Anakuja, ananusa kwa muda mrefu kabisa, kama mtu anasoma tangazo lililobandikwa kwenye nguzo, anapiga hatua mbele, anaongeza lake juu, halafu anageuka ananusa tena kuhakikisha. Nikiliondoa lote siku hiyo hatulii, anatembea kandokando ya waya wa uzio mpaka anachimba njia kwenye udongo mwekundu. Baba mdogo akaniambia niwe nabakisha kidogo, na nikibakisha anatulia.

Na jike akikojoa mahali, dume akifika hapo anafanya kile kitu ambacho watu wanapiga picha wanasema farasi anacheka. Anainua kichwa, anakunja mdomo wa juu mpaka ufizi unaonekana wote, anakaa hivyo kama ameganda. Hacheki. Anaivuta ile harufu kuingia kwenye kiungo kilicho ndani chini ya pua, kinaitwa kiungo cha Jacobson, na humo anapata habari. Majike pia wanakunja, na watoto pia, lakini dume anafanya mara nyingi mno kwa sababu anatafuta neno moja: huyu yuko tayari ao bado. Jike wa farasi mzunguko wake ni kama siku 21, na siku za kukubali dume ni kama 5 mpaka 7. Zingine zote ukimkaribia unapigwa teke. Kwa hiyo dume asiyejua kusoma mkojo anavunjwa mbavu, na dume anayejua anasoma kila kitu, kutwa, usiku, nani amepita, lini, na hali yake.

Kule mbugani ndo unaelewa kwa nini ameumbwa hivyo. Farasi walioachwa kuishi wenyewe wanakaa kwa familia, dume mmoja, majike wachache na watoto wao, na punda milia wa Upemba, hapa hapa Katanga, wanaishi kwa mpango huo huo. Watu wanadhani dume anatembea mbele kama jenerali. Mara nyingi anayeamua twende maji saa hii ni jike, jike mzee anayejua njia, na dume yuko nyuma kabisa ao pembeni, anahesabu watu wake. Mmoja akibaki nyuma, dume anashusha kichwa mpaka karibu na nyasi, masikio yamelala, shingo inacheza kama nyoka, na huyo aliyebaki anaelewa haraka sana. Vijana wa kiume wakikua wanafukuzwa, wanaenda kuishi pamoja kundi la makapera, wanashindana kwa michezo mpaka mmoja aweze kupata familia yake. Na madume wawili wakikutana, ule ugomvi wa kusimama kwa miguu ya nyuma kwenye picha hautokei kila mara, mara nyingi wanatembea sambamba wamejitunisha, wananusana, wanapiga kelele kali, kila mmoja anaweka mavi yake, wanaachana. Vita inagharimu na wao wanajua.

Sasa mchukue huyo, mwenye akili yote hiyo ya kuchunga, umfungie kwenye boksi ya mita 3 kwa 4 mjini Lubumbashi. Familia hana lakini kazi bado anayo.

Siku niliyoumia ilikuwa mwezi wa kwanza. Mvua kubwa ilipiga kuanzia saa tisa, ikaacha karibu na saa kumi na mbili kasoro, jua limebaki kidogo upande wa bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya madini, na farasi wote bado wako chini ya miti uwanja wa mbali manake hatukuweza kuwatoa kwenye ile radi. Visubi hivyo vinakuja. Nikaanza kuwaingiza mbio mbio mmoja mmoja, na wa mwisho alikuwa jike mmoja mwekundu ambaye tangu asubuhi nilimuona anainua mkia, anakojoa kidogo kidogo, anasimama miguu imepanuka, na macho yangu yaliona lakini kichwa hakikusoma. Sheria ya pili ya zizi: jike wa namna hiyo, aliye tayari kwa dume, unamzungusha njia ya nyuma. Njia ya nyuma ilikuwa imejaa maji. Nikapita mbele ya boksi ya mwisho.

Mlango wake ulikuwa na komeo mbili, juu na chini, na ya chini sikuifunga mimi mwenyewe mchana. Akaupiga kwa kifua mara moja ukafunguka.

Nataka nieleze vizuri alichofanya kwa sababu nimekifikiria miaka mingi. Hakunikimbilia mimi. Alikuja akajiweka katikati, kati yangu na jike, ubavu wake umenigusa uso, nasikia joto lake na moyo unavyopiga. Mimi nikavuta kamba. Jike akarudi nyuma, mimi nikavuta tena, kwa nguvu zote, na hapo ndo akageuza shingo akanishika juu ya mkono, karibu na bega, akafinya. Farasi hararui kama mbwa, anabana tu, na lile taya pana nililowaambia linabana kama mlango wa gari. Mpaka leo kuna kovu na kuna sehemu ya ngozi haisikii kitu.

Baba mdogo alifika bila fimbo. "Achilia kamba, weye! Achilia!" Nikaachilia. Na wakati ule ule dume akaniacha, akatoka kwangu kama vile sipo, akamfuata jike taratibu akimuongelesha kwa ile sauti ya chini ya kifuani. Baba mdogo akamuacha apumue, akaenda kwa ubavu, akamtupia kamba shingoni huku anamuita kwa sauti ya kila siku, akamrudisha.

Usiku nikiwa nimefungwa bandeji akaniambia, "Haikuwa juu yako. Ulishika ule mwenye ye anachungaka."

Wenye farasi hawakuliona hivyo. Iliamuliwa kwamba ni farasi mbaya, na farasi mbaya anatengwa, basi wakaziba nondo zote za boksi yake kwa mbao mpaka juu, asione mtu, asinuse mtu, na kutoka nje ikabaki mara moja kwa siku, saa ambayo wengine wako ndani. Mimi nilikuwa mtoto wa kazi sikuwa na la kusema, na hilo linanichoma kuliko jino, manake kosa la komeo lilikuwa langu na adhabu ilimwangukia yeye. Baada ya miezi miwili akaanza kujiuma. Anageuza kichwa ghafla anajishika ubavu mwenyewe, anapiga kelele, anazunguka, anajiuma tena, mpaka manyoya yakatoka na nyama ikaonekana. Tabia hiyo inajulikana, inawatokea zaidi madume kuliko wengine, na wanaokaa peke yao ndo wako hatarini. Nilikuwa nampaka dawa kwenye vidonda huku anatetemeka na hakunigusa hata siku moja.

Ikaja habari ya kumhasi. Mganga wa mifugo alieleza kwa uwazi kabisa na nilisimama pale nikasikiliza kila neno. Kuhasi kunafaa zaidi farasi akiwa mdogo, kati ya miezi 6 na miaka 2 hivi, kabla tabia haijakaa. Huyu alikuwa na miaka 11. Ukimtoa mapumbu homoni inashuka haraka, hamu inapungua, lakini alichojifunza kwa miaka 11 kinaweza kubaki kichwani, na hata mbegu zinabaki kwenye njia kwa muda, kwa hiyo wiki kadhaa za kwanza usimuweke na majike ukasema ni salama. Akaongeza kwamba kuna wengine wanauzwa kama maksai na wanafanya fujo kama dume, unakuta pumbu moja halikushuka, limebaki tumboni linaendelea kutoa homoni, na kipimo cha damu ndo kinatoboa siri.

Msimamo wangu mimi, na nimeufikia taratibu: farasi wengi wa kiume wahasiwe wakiwa wadogo. Dume aachwe kama kweli una majike wa kumpa, una ardhi na una watu wanaojua. Huyu wetu aliachwa dume kwa sababu shingo yake ilipendeza kwenye picha, hakuna sababu nyingine. Na usiniambie maksai hafiki mbali: Red Rum alikuwa maksai na ndiye farasi pekee aliyeshinda mbio za farasi za Grand National, Uingereza, mara tatu, 1973, 1974 na 1977. Wamongolia, ambao maisha yao yote ni farasi, wanapanda maksai kila siku, na dume wanamuacha na kundi lake, singa hazikatwi, kazi yake ni ile ya kundi.

Upande wa pili, dume siyo shetani. Kule Vienna kuna shule ya kupanda farasi ya Kihispania, ina zaidi ya miaka 450, na kwa desturi wanaocheza mbele ya watu ni madume wa Lipizzaner, wale weupe ambao wanazaliwa weusi weusi, na wanaishi jengo moja wanaonana, watoto wao wa kiume wanakulia pamoja milimani. Uswisi nako, kule Avenches, walijaribu kuweka madume kadhaa malishoni pamoja, majike wakiwa mbali, na baada ya siku chache vurugu zilishuka sana. Kinachomharibu ni upweke na mikono isiyojua.

Baba mdogo hakujua Vienna wala Avenches. Alimfuata patroni, yaani bosi, jioni moja, kofia mkononi, akamwambia yeye hakusoma lakini anaomba wiki nne tu kabla ya kisu. Akaomba mbao za upande mmoja zitolewe, zirudi nondo, zenye nafasi ya kupitisha pua, na boksi ya jirani awekwe maksai mzee, wa miaka 20 na kitu, mnyama mpole ambaye watoto wote walijifunzia mgongoni mwake. Patroni akakubali, sijui kwa huruma ao kwa kuchoka.

Siku ya kwanza ilikuwa kelele tupu. Dume analia, anapiga ukuta kwa mguu wa mbele, mzee anakula nyasi zake. Siku ya pili mzee akaleta pua kwenye nondo, wakapuliziana, dume akapiga yowe, mzee akarudi kula. Siku ya nne ao ya tano nilikuta shingo zote mbili ziko kwenye nondo, wanakunana kwa meno pale juu ya bega, kila mmoja anamfanyia mwenzake, macho yamelegea. Vidonda vya ubavuni vikaanza kukauka.

Ilikuwa mwezi wa sita, ile baridi ya kutoa moshi mdomoni. Nilifika mapema, nikaanza kusoma ngozi kama kawaida, nikafika mwisho, sikuona kichwa juu ya mlango. Nikaogopa. Nikachungulia. Alikuwa amelala chini, ubavu wote kwenye maranda, miguu imenyooka, mdomo unacheza kidogo kama mtoto anayenyonya. Upande wa pili wa nondo yule mzee alikuwa amesimama, masikio mbele, anaangalia mlango.

Baba mdogo akaja nyuma yangu, akaniondolea reki mkononi polepole isigonge saruji.

"Anza ku bale bengine," akasema kwa kunong'ona. "Huyu umuache."